Kusomea utalii ukiwa Mtwara au Lindi: maswali tunayoulizwa kila matokeo yanapotoka

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipoi. Anapiga mzazi kutoka Newala, anapiga kijana wa Nachingwea, anapiga dada aliyefanya kazi za hoteli miaka mingi na leo kaambiwa alete cheti. Maswali ni yaleyale, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Nimekaa mapokezi, nimeongoza wageni Mikindani na Kilwa, na sasa nawafundisha wanaoanza. Ninayosema ni ya mtu aliyeyaona, si ya kipeperushi.

Huku Kusini utalii upo kweli? Si mpaka uende Arusha?

Upo, ila haufanani na wa Arusha, na anayeusubiri ufanane atasubiri sana. Sisi hatuna msururu wa magari ya safari asubuhi. Tuna Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Tuna Tendaguru, kilima cha mkoa wa Lindi ambako mifupa ya dinosaria ilichimbwa. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, na ufukwe wake wa Msimbati. Mji mkongwe wa Mikindani na Boma la Wajerumani la 1895. Shimo la Mungu, lile bonde la kina kule Newala. Wachongaji wa mpingo. Nyangumi wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Novemba. Ukiingia Liwale umeshaanza kuikaribia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Tatizo letu lilikuwa barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, kutoka Dar kuja huku ulikuwa unavuka kwa pantoni, na mvua ikikolea unalala njiani. Wenye umri wangu tunakumbuka. Sasa ni lami, kama kilomita 560 mpaka Mtwara mjini, na wageni wanafika. Wakifika wanamkuta nani? Hapo ndipo mafunzo yanapoingia.

Nina D nne. Naweza kusoma?

Unaweza. Ngazi ya kuanzia kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, ni cheti cha awali, NTA ngazi ya 4, na kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, somo la dini halihesabiwi. Ukimaliza unapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Waliomaliza kidato cha sita wakiwa na "principal" moja na "subsidiary" moja huingia stashahada moja kwa moja.

Na asiyefikisha D nne?

Aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Huko wanapima kwa kazi ya mikono, ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, na mpishi aliyetoka VETA akiwa anajua kukata vitunguu bila kulia atapata kazi kabla ya mwenye stashahada anayeogopa moto. Mikoa yote miwili ina vituo vya VETA. Nenda mwenyewe dirishani ukaombe orodha ya kozi za mwaka huo, usitegemee ya jirani yako aliyosoma zamani. Kwa hoteli na utalii VETA wana chuo maalumu Njiro, Arusha.

Kozi ni nyingi: utalii, hoteli, uongozaji watalii, usafirishaji. Nichague ipi?

Hili ndilo swali lenyewe, na hapa nitawaudhi wenzangu kidogo.

Kama unataka ajira mapema na hujui pa kuanzia, soma jikoni au huduma za vyumba na mapokezi. Usianze na kozi ya "utalii" kwa ujumla. Mtwara mjini, Lindi mjini na Kilwa Masoko zina nyumba za wageni na hoteli zinazopokea watu mwaka mzima: maofisa wa semina, wanunuzi wa korosho, watu wa gesi, wakandarasi. Wale si watalii wa kamera, lakini wanalala, wanakula, wanataka shuka safi. Kazi yao haisubiri msimu. Kuongoza watalii ni kazi nzuri, naipenda kuliko zote, ila kwa huku kwetu kwa sasa haimlishi mtu peke yake. Isomee kama ya pili, ukiwa tayari una mkate.

Anayependa wanyama na porini ana njia nyingine kabisa: Mweka kule Kilimanjaro, chuo kilichoanza 1963, Pasiansi, Mwanza, kwa askari wa wanyamapori, na jirani zetu wa Ruvuma wana Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kinachofundisha uhifadhi wa jamii. Kwa mtoto wa Tunduru au Liwale hicho cha Namtumbo ndicho cha karibu, na ajabu ni wachache wanaokitaja.

Lazima niende Dar?

Kwa stashahada, mara nyingi ndiyo, au mbali zaidi. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Shahada zipo SUA Morogoro, UDOM Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na SUZA kule Zanzibar. Usiende kwa sababu rafiki yako ameenda. Piga hesabu ya chumba na nauli kwanza, maana ada huwa ni nusu tu ya maumivu. Kuna sare, viatu vyeusi visivyoteleza, kisu cha jikoni kwa wa mapishi, na gharama za kuishi wakati wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ambazo chuo hakilipi na hoteli nyingi pia hazilipi.

Nitajuaje kama chuo ni halali?

Muulize namba ya usajili, kisha ihakikishe kwa NACTVET au VETA. Angalia na kozi, si chuo peke yake: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kompyuta na kikafundisha utalii kinyemela. Halafu ingia ndani. Omba kuona jiko la mafunzo na chumba cha mfano chenye kitanda. Chuo cha hoteli kisicho na kitanda hata kimoja kinafundisha nini? Mimi nimekuta darasa la mapishi lenye ubao na vumbi la chaki, jiko hakuna. Wanafunzi walikuwa wameandika namna ya kukaanga samaki kwenye daftari, kurasa mbili nzima.

Nimefanya kazi hotelini miaka sita. Sina cheti. Nianze upya?

Hapana, dada. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa watu waliojifunza kazini. Wanakuja au unakwenda, wanakupima unavyofanya, wanakuongezea pale palipopungua, ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika. Wapishi wengi na wahudumu wa Kusini wangefaa njia hii na hawaijui. Waambie na wenzako wa zamu ya usiku.

Kiingereza changu kibovu. Ndoto imekufa?

Haijafa, ila fanya kazi. Kiingereza cha hoteli si cha mtihani wa taifa. Ni sentensi kama mia mbili unazozirudia kila siku mpaka zinatoka bila kufikiri: karibu, umelalaje, maji ya moto yako hivi, nyavu ya mbu inashushwa namna hii, samahani umeme umekatika, jenereta inawashwa sasa hivi. Zisome kwa sauti, si kwa macho. Ukishamudu hizo, ongeza Kifaransa au Kijerumani cha salamu. Mjerumani aliyekuja kwa ajili ya Tendaguru au Boma la Mikindani, akisalimiwa kwa lugha yake na kijana wa Lindi, uso unabadilika palepale.

Ila kuna kosa ambalo Kiingereza kizuri hakiliponyi: saa. Sisi tunahesabu saa kutoka macheo, mgeni anahesabu kutoka usiku wa manane. Ukimwambia mgeni basi linaondoka "at twelve" kwa sababu tiketi imeandikwa saa kumi na mbili alfajiri, atakuja saa sita mchana na begi lake, na basi liko Lindi tayari. Na ndege ya saa 00:30 Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Mgeni anatakiwa atoke hotelini Alhamisi baada ya chakula cha jioni. Wanafunzi wangu wote huandika kila saa kwa namna mbili, ya Kiswahili na ya kimataifa, mpaka zoezi liwachoshe.

Mwongoza watalii anatakiwa kujua nini hasa?

Mambo matatu: historia, bahari, na mipaka.

Historia, kwa sababu mgeni wa Kusini huwa amesoma. Hakuja kwa bahati mbaya. Ukiwa Kilwa Kisiwani atakuuliza Msikiti Mkuu ulijengwa lini, na jibu si "zamani sana". Ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika 1331. Wareno waliuvamia mji 1505. Na kama unataka mgeni asimame ghafla, mweleze kwamba sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko watu bado wanabishana, na hapo ndipo mazungumzo yanaponoga.

Tendaguru imenifunza unyenyekevu. Nilikuwa nimekariri vizuri: mhandisi Sattler aliona mifupa 1906, msafara wa makumbusho ya Berlin ukachimba 1909 mpaka 1913, na mifupa ya yule mkubwa, Giraffatitan, imesimama Berlin ikiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mama mmoja wa makamo, mgeni, akanisikiliza mpaka mwisho akauliza taratibu: "Na nani walichimba?" Nikakwama. Nilikuwa nimetaja Wajerumani watupu. Wachimbaji walikuwa watu wa huku, mamia, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne kwa miguu. Mababu zetu, nami nikawasahau mbele ya mgeni! Tangu siku hiyo ninaanza na Boheti.

Bahari, kwa sababu nusu ya kazi ya huku ni maji. Jua kusi na kaskazi vinavuma lini, jua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Sikujua kwa kutosha nilipoanza, nikawapeleka wageni wawili kwa dau ghuba ya Mikindani siku ya bamvua. Tulirudi maji yameshakupwa, ghuba yote tope linameta. Dau likakaa. Tukashuka, tukatembea kama nusu saa tope likiwa magotini, mkoba wa kamera kichwani kwangu, na yule bwana akakatwa na chaza unyayoni. Walicheka, lakini walilipia kutembea juu ya maji, si ndani ya tope. Nahodha mzee aliyekuwa nasi alikuwa amenionya asubuhi: "Mwanangu, leo maji yanakwenda mbali." Nilidhani anataka kuongezewa pesa.

Mipaka ni kujua kisichouzwa. Wageni watauliza jando na unyago. Eleza kwamba vipo, vina msimu, vina heshima. Ngoma ya hadharani wataitazama, sindimba watacheza nayo wakitaka. Ndani ya unyago hakuna tiketi. Akisisitiza, mpeleke kwa wachongaji wa vinyago, huko atauliza mpaka achoke na fundi atamjibu. Na akitaka kununua gamba la kasa sokoni, mzuie. Kasa wanalindwa na sheria, na atanyang'anywa uwanja wa ndege.

Leseni je?

Uongozaji watalii unasimamiwa na Sheria ya Utalii ya 2008. Unahitaji leseni ya biashara ya utalii, TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii na kuombwa kwa mtandao, na kazi hii imetengewa raia wa Tanzania. Magofu ya Kilwa yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo vibali vya kuingia vinapatikana Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Mwongozaji anayewavusha wageni kwanza na kutafuta kibali baadaye anawaaibisha wenzake wote.

Fildi ikoje? Nimesikia watu wanafua tu.

Wengine wanafua tu, kweli. Ukipewa shuka, jifunze shuka. Kona ya shuka inakunjwa kwa pembe, inavutwa, inabanwa chini ya godoro, mpaka ukipitisha kiganja husikii mkunjo. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa anarusha sarafu kitandani. Isiporuka, unatandua vyote unaanza upya. Nilimchukia wiki mbili. Mpaka leo sijui kutandika kitanda cha nyumbani kivivu.

Usikae idara moja miezi yote. Omba kuzungushwa: vyumba, jiko, mgahawa, mapokezi. Daftari la fildi lisainiwe kila wiki, usisubiri siku ya mwisho meneja akiwa amesafiri.

Mimi ni mzazi. Binti yangu anataka hoteli, na sisi ni watu wa dini. Hoteli si mahali pa aibu?

Mama, wasiwasi wako nauelewa, na sitakuambia hauna msingi. Zipo sehemu ambazo mimi nisingempeleka binti yangu. Lakini zipo hoteli za Lindi na Mtwara zisizouza pombe kabisa, zipo zinazoruhusu hijabu na sare ya mikono mirefu, na ipo kazi ya jikoni au ya hesabu ambayo haimkutanishi na baa. Kabla hajaenda fildi, nenda naye. Salimia meneja. Uliza zamu ya usiku inaisha saa ngapi na nani anamrudisha nyumbani. Meneja mwenye nia njema hachukii maswali hayo. Anayeyachukia, umeshapata jibu lako. Na mwambie binti mapema kwamba mgeni au bosi akimgusa, kosa si lake, na anapiga simu nyumbani siku hiyohiyo.

Kazi ya kukata tiketi za ndege bado ipo? Watu si wananunua kwenye simu?

Imepungua, haijafa. Anayenunua kwenye simu ni yule anayekwenda Dar na kurudi. Anayekwenda hija na familia ya watu saba, au mfanyabiashara anayeunganisha ndege tatu, bado anamtafuta mtu. Ukisomea hii, kozi itakufundisha mifumo ya kuweka nafasi za ndege kama Amadeus na Galileo, nauli, viza, na herufi tatu za viwanja: MYW ni Mtwara, LDI ni Lindi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwajuma na Mwajuuma ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Mshahara ni kiasi gani?

Wa kuanzia ni mdogo, tusidanganyane. Soma amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta ya hoteli, na dai mkataba wa maandishi. Bakshishi ipo kwa wanaokutana na mgeni, ila isihesabiwe kwenye kodi ya nyumba. Uliza kabisa kama inagawanywa na jikoni. Nyingi ya ugomvi wa hotelini huanzia kwenye kile kikopo cha bakshishi.

Wageni wakipungua nafanya nini?

Masika, Machi mpaka Mei, huwa pakavu kwa kazi hata kama mvua inanyesha. Wengi wetu tuna shamba. Korosho huanza kuokotwa karibu na Septemba na minada hufuata, kwa hiyo hata mgeni unaweza kumwonyesha mabibo mekundu chini ya mkorosho, akaonja, akakunja uso. Huo nao ni utalii, na shamba ni la kwako. Mama mmoja wa Mikindani ninayemfahamu huwapikia wageni ming'oko, viazi pori vya huku kwetu, kwa oda. Hana bango barabarani, na mezani kwake hapakosi mtu.

Wakala kaniambia nitume pesa anitafutie kazi ya hoteli Uarabuni.

Usitume. Wakala halali analipwa na mwajiri. Mwombe kibali chake cha serikali, mkataba kabla ya safari, na jina la hoteli. Akisema "haraka, nafasi zinaisha", ziache ziishe.

Nina miaka 34. Nimechelewa?

Jikoni na vyumbani hakuna anayeuliza umri. Kwenye kuongoza wageni, mvi kidogo inasaidia. Mgeni anamwamini mtu anayeonekana ameishi.

Siku ya kwanza ya fildi nije na nini?

Kalamu mbili, maana ya kwanza mgeni ataondoka nayo. Daftari dogo la mfukoni. Leso safi. Soksi nyeusi. Kucha fupi. Saa ya mkononi, kwa sababu simu utaambiwa uiache kwenye kabati. Na fika saa kumi na moja na nusu kama zamu inaanza saa kumi na mbili. Dada wa zamu ya usiku amechoka, na ana bajaji ya kuwahi.